Eda, Mirathi na Kalamu: Ndoa Iliyovunjika katika Riwaya ya Barua ya Mariama Bâ

1. Utangulizi

Mwaka 1979 shirika la uchapishaji la Nouvelles Éditions Africaines lilitoa mjini Dakar, nchini Senegal, kitabu chembamba cha Kifaransa chenye jina Une si longue lettre. Mwandishi wake, Mariama Bâ, alizaliwa mjini humo mwaka 1929. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, na kabla ya hapo hakuwa ametoa riwaya yoyote. Mwaka 1980 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji katika Afrika, kikawa cha kwanza kuipata. Tarehe 17 Agosti 1981 Mariama Bâ alifariki dunia, na riwaya yake ya pili, Un chant écarlate, ilitoka baada ya kifo chake. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu ile ya kwanza kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, katika tafsiri ya Clement Maganga.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa maneno machache. Ramatoulaye, mwalimu na mama wa watoto kumi na wawili, amefiwa na mumewe, Modou Fall. Akiwa ndani ya eda anamwandikia Aïssatou, shoga yake wa tangu utotoni, ambaye sasa anaishi Marekani. Anamsimulia mazishi, kisha anarudi nyuma kwenye mapenzi ya ujana, kwenye ndoa ya miaka mingi, na kwenye siku ile, miaka mitano kabla ya kifo, Modou alipomwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa shule wa binti yao Daba, na kuihama kabisa nyumba yake ya kwanza. Aïssatou naye alikwisha kupatwa na msiba wa namna hiyo. Mumewe, daktari Mawdo Bâ, alitafutiwa na mama yake mke wa pili mwenye damu ya kifalme, kwa kuwa Aïssatou alikuwa binti wa sonara, na ukoo wa mafundi ulihesabiwa kuwa chini ya ukoo wa watawala. Aïssatou aliondoka na wanawe wanne. Ramatoulaye alibaki.

Mhadhara huu unashughulikia swali moja: kwa nini barua? Mambo hayo yangeweza kusimuliwa kwa njia nyingine, na waandishi wengine wa Senegal walikwisha kuyasimulia kwa njia nyingine. Jibu lililozoeleka ni kwamba Mariama Bâ, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, aliazima umbo la riwaya ya barua kutoka Ulaya. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba umbo la riwaya hii limetokana na sheria mbili za nyumba ya Kiislamu, yaani eda na mirathi, na kwamba barua ndiyo njia iliyomwezesha mwanamke aliyefungiwa ndani kufanya hesabu ya ndoa yake mwenyewe.

2. Wanaume walioshika kalamu ya wanawake

Riwaya ya barua ilistawi Ulaya katika karne ya 17 na ya 18, na tangu mwanzo ilipenda habari za mapenzi yaliyoharibika na nyumba zilizobomoka. Mwaka 1669 zilichapishwa mjini Paris barua tano zilizodaiwa kuwa za mtawa wa Kireno aliyeachwa na afisa wa jeshi wa Kifaransa. Kwa muda mrefu wasomaji waliziamini. Leo wataalamu wengi wanazihesabu kuwa kazi ya mwanamume wa Kifaransa, Guilleragues. Mwaka 1740 Samuel Richardson, mwenye kiwanda cha uchapaji London, alitoa Pamela, na katika miaka ya 1747 na 1748 akatoa Clarissa, ambamo binti anashinikizwa na jamaa zake aolewe na mtu asiyemtaka. Jean-Jacques Rousseau alifuata mwaka 1761 kwa Julie, na Choderlos de Laclos mwaka 1782 kwa Les Liaisons dangereuses.

Kati ya kazi za karne hizo, iliyo karibu zaidi na mada hii ni Lettres persanes ya Montesquieu, iliyotoka mwaka 1721. Usbek, bwana wa Kiajemi, anasafiri hadi Paris na kuwaacha wake zake Isfahan chini ya ulinzi wa matowashi. Kwa barua anajadili sheria, dini na tabia za Wafaransa kwa busara kubwa. Kwa barua hizo hizo anajaribu kuitawala nyumba yake kutoka mbali, na nyumba inamponyoka. Barua ya mwisho ni ya mkewe Roxane, anayemwandikia akiwa amekwisha kunywa sumu, na kumfichulia kwamba utii wake wote ulikuwa wa kuigiza.

Kwa hiyo nyumba ya Kiislamu yenye wake wengi ilikwisha kuingizwa katika riwaya ya barua miaka 258 kabla ya Mariama Bâ. Lakini aliyeiingiza alikuwa mwanamume, Mfaransa, aliyeitumia nyumba hiyo kama kioo cha kuwaonyesha Wafaransa wenzake sura yao. Roxane hakuwa na njia ya kusema kweli ila kwa kufa. Ramatoulaye, kinyume chake, anaanza kuandika baada ya mume kufa, naye mwenyewe anaendelea kuishi. Tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba Mariama Bâ hakulirithi umbo hili kama lilivyo. Alilichukua na kuligeuza.

Jambo moja la kisarufi linafaa kutajwa hapa. Barua husimama juu ya nafsi mbili, nafsi ya kwanza na nafsi ya pili. Anayeandika ni “mimi”, anayeandikiwa ni “wewe”, na wengine wote husukumwa kwenye nafsi ya tatu. Katika riwaya hii “mimi” ni mwanamke na “wewe” ni mwanamke. Mume, ambaye ndani ya nyumba alikuwa ndiye msemaji, sasa ni mtu anayesemwa. Mgeuko huo haukuhitaji hotuba yoyote. Unafanywa na viambishi vya nafsi vyenyewe, ukurasa baada ya ukurasa.

3. Dakar kabla ya 1979

Ili mwanamke amwandikie mwanamke mwenziwe barua ya kitabu kizima, sharti wote wawili wawe wamesoma. Katika Afrika Magharibi ya Kifaransa jambo hilo lilikuwa geni. Chuo cha ualimu cha wasichana cha Rufisque, karibu na Dakar, kilifunguliwa mwaka 1938 chini ya mwalimu mkuu Germaine Le Goff, kikawachukua wasichana kutoka makoloni mbalimbali ya eneo hilo. Mariama Bâ, aliyelelewa na babu na bibi yake wa upande wa mama katika maadili ya Kiislamu, alihitimu hapo mwaka 1947. Ramatoulaye na Aïssatou wanatoka katika kizazi hicho hicho, na mwalimu mkuu wao wa Kizungu anakumbukwa kwa shukrani ndani ya riwaya. Mwandishi aliolewa na Obèye Diop, mwanasiasa, wakapata watoto tisa na hatimaye wakaachana. Hata hivyo, si haki kuisoma riwaya kama wasifu wake, kwani Mariama Bâ aliachana na mumewe, ilhali Ramatoulaye hakuachana na Modou.

Katika fasihi ya Senegal yenyewe njia ilikuwa imeanza kufunguliwa. Ousmane Sembène, katika mkusanyiko wa hadithi uitwao Voltaïque wa mwaka 1962, aliweka hadithi ya barua kuhusu ndoa: msichana aliyeolewa na mzee na kupelekwa Marseille anamwandikia rafiki yake nyumbani jinsi alivyodanganywa kwa picha ya mtu alipokuwa bado kijana. Mwaka 1966 ilitoka Le Mandat, kisa cha mtu asiyejua kusoma anayeletewa barua na hawala ya fedha kutoka Paris, na kuangamia kwa kutegemea macho ya wengine. Mwaka 1973 Sembène alitoa Xala, tashtiti kali juu ya mfanyabiashara anayeoa mke wa tatu. Aminata Sow Fall naye alitoa riwaya yake ya kwanza, Le Revenant, mwaka 1976.

Xala inacheka ndoa ya mitara kutoka nje, kwa sauti ya msimulizi anayeona kila kitu. Riwaya ya Mariama Bâ inaingia ndani na kukaa humo. Msomaji hapewi nafasi ya kumcheka Modou kabla hajaonyeshwa jinsi alivyopendwa. Hapo ndipo uzito wake ulipo: anayeandika bado anampenda marehemu anayemshtaki.

4. Habari ya mdomo, jibu la kalamu

Ukiisoma riwaya kwa kuangalia nani anasema na nani anaandika, mpango wake unaonekana waziwazi. Modou alipokuwa mwanafunzi Ufaransa alimwandikia Ramatoulaye barua za mapenzi. Alipooa mke wa pili hakuandika, wala hakwenda mwenyewe. Siku ya harusi walikwenda watu watatu kwa Ramatoulaye: Tamsir, kaka wa Modou, Mawdo Bâ, rafiki yake, na imamu wa mtaa. Waliketi, wakazunguka kwa maneno ya kudra na ya subira, kisha wakatoboa. Ramatoulaye akawa wa mwisho kujua jambo ambalo mji mzima ulikwisha kulijua. Hakulia mbele yao. Aliwakirimu kama desturi inavyotaka, akawaaga.

Kilichovunja nyumba ile, kwa hiyo, hakikuwa mke wa pili peke yake. Dini anayoiamini Ramatoulaye inaruhusu mke wa pili, na inaweka sharti la uadilifu kati ya wake. Kilichoivunja ni siri, na zaidi ya siri, utumaji wa watu. Mume aliugeuza unyumba wa miaka ishirini na mitano kuwa habari inayobebwa na wajumbe. Waswahili wana msemo kwamba mjumbe hauawi. Riwaya hii inaonyesha hasara ya msemo huo, kwani mjumbe asipoulizwa, aliyemtuma naye haulizwi.

Dhidi ya mdomo huo wa wanaume wanawake wanaweka kalamu. Aïssatou, Mawdo alipomwoa Nabou mdogo, hakumtuma mtu. Alimwachia mumewe barua fupi, iliyonyooka, akaondoka. Na barua hiyo imewekwa nzima ndani ya barua ya Ramatoulaye. Baadaye alisomea ukalimani, akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake Marekani, na kutoka huko akamnunulia rafiki yake gari dogo la Fiat ili asiendelee kuhangaika katika mabasi.

Ramatoulaye mwenyewe anachelewa kufikia hatua hiyo. Siku ya arubaini ya msiba Tamsir anamjia kumposa, kama vile mjane ni sehemu ya urithi, naye kwa mara ya kwanza anavunja kimya cha miaka thelathini kwa mdomo wake. Kisha anakuja Daouda Dieng, daktari na mbunge, mtu mwema aliyempenda tangu ujana. Huyu anajibiwa kwa barua. Ramatoulaye anamkatalia kwa sababu Daouda ana mke na watoto, na yeye aliyekwisha kuumizwa na mke wa pili hataki kuwa mke wa pili wa mwingine. Anayepeleka barua ni jirani yake Farmata, mwanamke wa ukoo wa griot, watu waliokabidhiwa nasaba, sifa na ujumbe wa jamii. Farmata hajui kusoma. Anaibeba bahasha kwa furaha, akidhani amebeba posa iliyokubaliwa. Mjumbe wa jadi amebeba ujumbe asioujua, na kwa mara hii neno la mwanamke linafika bila kupitia mdomo wa mtu mwingine.

5. Eda na mirathi

Sasa turudi kwenye swali la umbo. Barua ya Ramatoulaye ina mipaka ya muda, na mipaka hiyo haikutungwa na mwandishi. Ni ile iliyowekwa katika Sura ya Pili ya Kurani, aya ya 234: mjane akae miezi minne na siku kumi. Neno la Kiswahili eda linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuhesabu, shina lile lile lililotupa neno idadi. Eda, kwa asili ya neno, ni hesabu ya siku. Katika fikra za watu imekuwa pia jina la hali: nguo, ukimya, kutotoka, kutojipamba. Mariama Bâ amerudi kwenye maana ya shina. Ramatoulaye anahesabu siku, na katika kuhesabu siku anahesabu miaka. Ndani ya faragha aliyoamriwa anapata kitu ambacho mama wa watoto kumi na wawili hakuwahi kukipata, yaani wakati wake mwenyewe.

Neno la pili ni muhimu zaidi. Katika maandishi ya Kifaransa riwaya inatumia neno mirasse, na mwandishi analazimika kulieleza kwa wasomaji wake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo, kwani ni mirathi. Ni neno moja la Kiarabu lililofika pwani mbili za Afrika. Kule magharibi, ambako Kiwolofu hakina sauti /θ/, likachukua /s/. Huku mashariki Kiswahili kimeihifadhi sauti hiyo katika lahaja sanifu. Siku ya mirathi ukoo hukusanyika, na mali na madeni ya marehemu yakawekwa hadharani. Dini, katika jambo hili, inaamrisha siri za mtu zifunuliwe.

Kinachofunuliwa katika nyumba ya Modou ni madeni. Mtu aliyekuwa na cheo serikalini hakuacha akiba. Alikuwa amechukua mkopo mkubwa wa benki ili amweke Binetou katika nyumba ya kifahari, na dhamana ya mkopo ilikuwa nyumba aliyojenga na Ramatoulaye kwa akiba yao wote wawili. Hati ilikuwa na jina la Modou peke yake.

Kanuni ya mafungu nayo iko wazi katika fikihi. Mume akiacha watoto, mke hurithi thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana thumuni hiyo hiyo. Kwa hesabu hiyo Ramatoulaye, mwenye miaka thelathini ya ndoa, na Binetou, mwenye miaka mitano, wanastahili kila mmoja sehemu moja ya kumi na sita. Wakati wa msiba Ramatoulaye anaona kwamba hata mawifi wameipima miaka yao kwa mizani moja. Hapingani na fungu lililowekwa. Anachokitafuta ni mizani nyingine itakayopima kile ambacho fungu halikukusudiwa kukipima: mishahara iliyochanganywa, mimba, malezi, na usiku wa kumwuguza mtoto.

Barua ndiyo mizani hiyo. Ramatoulaye anaichukua amri ya mirathi ya kufunua yaliyofichwa na kuipanua kutoka mali hadi ndoa nzima. Analeta kila kitu barazani: furaha, uzembe wake mwenyewe, kosa la Modou, tamaa ya mama wa Binetou aliyemtoa mwanawe shuleni kwa ajili ya fedha, na hata huruma kwa Binetou, ambaye riwaya haimchori kama adui bali kama mtoto aliyeuzwa. Kwa maana hiyo riwaya ya Mariama Bâ ni mirathi iliyoandikwa na mjane. Haikuazimwa Paris, kilichoazimwa ni karatasi tu.

6. Nyumba ni ya nani?

Riwaya ilitoka wakati ambapo mataifa mapya yalikuwa yakiziandika upya sheria za ndoa. Senegal ilipitisha Sheria ya Familia tarehe 12 Juni 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1973. Sheria hiyo iliondoa talaka ya mume peke yake nje ya mahakama. Ilimtaka pia mwanamume, wakati wa kufunga ndoa, atamke kama atakuwa na mke mmoja, au idadi yenye kikomo, au hadi wake wanne. Asipotamka, huhesabiwa kuwa amechagua wanne. Ukimya wa mwanamume, basi, ulipewa maana ya kisheria. Riwaya ya Mariama Bâ inauliza ukimya wa mwanamke una maana gani.

Tanzania ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayohusu Tanzania Bara, iliweka kwamba ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Ilimruhusu mke kuweka pingamizi ikiwa ndoa mpya ya mumewe ingemletea dhiki kutokana na uwezo wa mume. Na kifungu cha 114 kiliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali likabaki: juhudi ni nini? Je, kupika, kufua na kulea ni juhudi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa.

Hukumu hiyo ilitolewa miaka minne baada ya riwaya, katika nchi nyingine na katika lugha nyingine. Hakuna haja ya kudai kwamba kimoja kilizaa kingine. Lakini swali ni lile lile: hati ina jina moja, jasho ni la wawili. Ramatoulaye hakuwa na mahakama ya kumjibu, kwa kuwa hakuomba talaka. Alikuwa na daftari. Fasihi mara nyingi hulifikia swali kabla ya sheria, kwa sababu fasihi haisubiri mlalamikaji afungue kesi.

7. Barua katika nyumba ya Waswahili

Msomaji wa Kiswahili anapoipokea riwaya hii, anaipokea akiwa na historia yake mwenyewe ya maandishi ya nyumbani. Kiasi cha mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake Mwana Hashima juu ya dini na namna ya kuishi na mume. Naye pia ni mjane, naye anamwandikia mwanamke kuhusu ndoa. Tofauti iko katika mwelekeo wa maneno. Mwana Kupona anaandika kutoka juu kwenda chini, mama kwa binti, kuhusu ndoa inayotarajiwa. Ramatoulaye anaandika kwa aliye sawa naye, kuhusu ndoa iliyokwisha. Mmoja anatoa wosia, mwingine anatoa hesabu. Itakuwa kosa kumfanya mmoja kuwa mtumwa na mwingine kuwa huru, kwani wote wawili wanaamini kwamba ndoa ni jambo zito la kuandikiwa, na kwamba anayestahili kuliandika ni mwanamke aliyepitia humo.

Katika riwaya ya kisasa ya Kiswahili, barua iliingia nyumbani kwanza kama ushahidi wa hatia. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, barua ya mvulana inapopatikana kwa Rosa, baba yake Zakaria anampiga vibaya. Na kutoka hapo maisha ya msichana yanaanza kupinda. Barua ni kitu alichoandikiwa binti, na baba ndiye anayeihukumu. Upande mwingine tuna Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Hizo ni barua za kweli, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, na zinaonyesha jinsi karatasi ilivyoweza kuushika udugu kwa zaidi ya robo karne. Kati ya mifano hii miwili palikuwa na nafasi wazi: barua ya mke, iliyoandikwa kwa hiari yake, kuhusu nyumba yake. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, nafasi hiyo ilijazwa na tafsiri.

Kuhusu tafsiri, mambo mawili yanatosha. La kwanza ni jina. Jina la Kifaransa lina mshangao, karibu na kuomba radhi: barua imekuwa ndefu kiasi hiki! Jina la Kiswahili limeongeza kionyeshi “hii”, na kionyeshi cha karibu kinamweka msomaji mbele ya kitu anachokishika mkononi. Barua imepata uzito. La pili ni msamiati. Eda, mirathi, imamu, mahari, talaka na mke mwenza ni maneno ambayo katika Kifaransa yanahitaji maelezo au yanabaki na harufu ya ugeni. Katika Kiswahili yako nyumbani. Ni mara chache tafsiri huwa karibu na maisha yanayosimuliwa kuliko lugha ya asili ya kitabu, lakini kwa maneno haya ndivyo ilivyo.

8. Hitimisho

Inafaa kukumbuka jinsi barua yenyewe inavyoishia. Ramatoulaye ameanza kuandika katika daftari ili kujibu barua aliyopokea kutoka kwa Aïssatou. Anapokaribia mwisho anajua kwamba Aïssatou yu njiani kuja Dakar. Wataonana, watakaa pamoja, watasema. Kwa hiyo barua ndefu kama hii huenda isipelekwe kamwe. Baadhi ya wahakiki wameliona jambo hilo kuwa dosari: barua isiyopelekwa ni barua gani?

Mbele ya hoja iliyotolewa hapa, si dosari. Hesabu ya mirathi haifanywi ili ipelekwe mbali. Hufanywa ili kila mwenye haki ajue kilichopo, na ili madeni ya marehemu yasiwafuate walio hai. Ramatoulaye ameimaliza eda akiwa amekwisha kuyaandika madeni yote, yakiwamo yale ambayo hakuna benki iliyoyadai. Ndiyo maana anaweza kutamka, mwishoni, kwamba bado anaitaka furaha na kwamba atakwenda kuitafuta. Binti yake aliyepata mimba akiwa shuleni hakufukuzwa; Daba anaishi na mume anayepika bila kuona haya; na Ramatoulaye mwenyewe hajaacha kuamini kwamba mwanamume na mwanamke wanaweza kujenga nyumba pamoja. Riwaya haikuandikwa dhidi ya ndoa. Iliandikwa dhidi ya ndoa ambayo upande mmoja unaficha na upande mwingine unastahimili.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza riwaya fulani inatoa funzo gani. Kwa riwaya hii funzo liko katika umbo lake. Mwanamke aliyeambiwa akae kimya kwa miezi minne na siku kumi alikaa kimya, akatii, na katika utii huo akaandika. Pale ambapo sheria ya mirathi iliuliza marehemu ameacha nini, yeye aliongeza swali la pili, ambalo kila nyumba ya Waswahili, Bara na Visiwani, ingefaa ijiulize watu wake wakiwa bado hai: je, kila aliyeijenga nyumba hii anajua yaliyomo ndani yake?